Nyumba Isiyonukia Lavenda

Mara ya kwanza niliposhindwa kupumua nilikuwa nimepiga magoti chooni, nikisugua vigae. Ilikuwa Aprili, mvua imeshika huku kwetu Sigowet, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu mama mkwe wangu anaamini upepo wa mvua huleta nimonia. Nilikuwa nimemwaga dawa ya choo aliyotengeneza wifi yangu, Chepkoech. Doa la manjano lilipokataa kutoka, nikaongeza klorini ya kufulia nguo nyeupe juu yake. Kitu kikanipanda puani, kikashuka hadi kifuani, kikafunga. Nilivuta hewa na hewa haikuja.

Nilitambaa kwa viwiko hadi ukumbini, nikatoka nje, nikalala kwenye nyasi zenye maji huku kanga imenipanda magotini. Mama mkwe alikuwa jikoni kwake, hatua ishirini hivi. Watoto wetu humwita Kogo, yaani nyanya, na sote tumezoea kumwita hivyo, ila nikizungumza naye mwenyewe husema Mama. Alisimama mlangoni akanitazama.

"Umevuta baridi," akasema. "Vaa sweta."

Naandika haya kwa mwanamke ambaye kifua chake kinabana kila Jumamosi akiosha nyumba na ambaye watu wake wanamwambia amevuta baridi. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia kwamba nitaandika aliniomba niandike kwa upole, kwa sababu tunaishi boma moja na wanaohusika. Upole nilikuwa nao mwaka ule wote, na mtaona ulinifikisha wapi.

Nieleze kuhusu sabuni. Chepkoech ni dada mdogo wa mume wangu. Ana shamba lake ng'ambo ya barabara. Alikwenda Kericho mjini kwa mafunzo ya siku mbili, akarudi na dawa za unga na za maji, akaanza kukoroga sabuni katika pipa la plastiki nyuma ya jiko lake. Sabuni ya vyombo ilikuwa ya kijani. Ya sakafu ilikuwa ya waridi, akaiita lavenda. Ya choo haikuwa na rangi, na ukifungua kifuniko macho yalitoa machozi. Aliuza katika mitungi ya mafuta ya kupikia iliyotumika, bila karatasi yoyote ya kusema ndani mna nini. Nilikuwa mteja wake wa kwanza. Tena nilimsaidia kukoroga, mimi na yeye na kijiti kirefu, tukicheka, bila kufunika pua. Kwa hiyo msinidhanie mjinga aliyedhulumiwa tu. Nilikoroga kwa mikono yangu.

Nyumba yetu ina vigae, ya kwanza katika boma lile kuwa navyo, na Kogo anajivunia vigae hivyo kuliko mimi. Kila mgeni akija humwonyesha. Nyumba ikinukia lavenda hadi getini, basi mke wa mwanawe ni msafi. Mimi nimezaliwa upande wa Nyamira, si wa kwao, na usafi ndio mtihani niliopewa tangu siku niliyoolewa. Niliufanya kwa miaka ishirini na mbili.

Mwezi wa Mei wote nilikohoa. Nilikuwa nikichuma chai mstari mmoja nasimama, naweka mkono kwenye mbavu, naendelea. Kwenye kituo cha kupimia chai wanawake wengine walianza kusogeza vikapu vyao mbali na changu. Niliposema neno, sauti ilitoka kama ya mzee mlevi. Ndipo mume wangu, Kiprotich, ambaye mimi namwita Baba Chebet kwa jina la binti yetu, akanipeleka kliniki moja Kericho.

Benchi la kliniki ile nalijua kuliko benchi la kanisani. Ni la mbao, limetiwa rangi ya samawati, na upande wa kushoto lina msumari unaoshika sketi. Tulikaa kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Mara ya kwanza nilipewa dawa za nimonia. Mara ya pili nilipewa dawa za nimonia zenye rangi nyingine. Mara ya tatu nikatakiwa kutema makohozi katika kikopo, wapime TB.

Majibu yalichukua wiki. Katika wiki hiyo Kogo alinitengea kikombe. Kilikuwa cha bati, kimebanduka rangi mdomoni. Alikiweka peke yake dirishani na kuwaambia watoto wa jirani wasikiguse. Majibu yalirudi kwamba sina TB. Kikombe kikabaki dirishani.

Juni nilipewa vidonge vya kupunguza uvimbe wa mapafu. Vilinisaidia kupumua, na vikanigeuza mtu nisiyemjua. Uso ulijaa ukawa duara. Shingo ilipotea. Nilikula kama mtu aliyetoka mfungoni, na usiku sikulala. Binti yangu Chebet aliporudi kutoka chuo Nakuru alinipita getini akidhani ni mgeni, kisha akarudi nyuma akanishika mashavu kwa mikono miwili na kulia. Nilimwambia aache kulia kwa sababu nikilia nami nitakohoa.

Na wakati huo wote, kila Jumamosi, niliendelea kuosha nyumba kwa lavenda. Hakuna aliyekuwa ameniuliza ninaosha na nini.

Aliyeuliza alikuwa daktari kijana, mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi ya ukungu ambamo chai yenyewe inakataa kukua. Aliweka kifaa cha kusikiliza mgongoni mwangu, akauliza kama ninapikia kuni. Nikasema gesi, na kuni siku moja moja. Akauliza kama tunanyunyizia chai dawa. Nikasema hapana. Akauliza, "Unaosha choo na nini, mama?" Nikamweleza. Akaacha kuandika.

"Ulichanganya hizo mbili pamoja?"

"Doa lilikuwa linakataa."

Alinieleza kwa maneno machache kwamba dawa ya choo na klorini zikikutana hutoa hewa ya sumu, kwamba ile siku ya Aprili iliniunguza ndani, na sasa nina pumu inayoamshwa na harufu kali. Akanipa inhela mbili, moja ya bluu ya kunisaidia nikibanwa na moja ya kahawia ya kila siku, akanifundisha kusukutua mdomo baadaye. Wiki ya kwanza nilisahau kusukutua, ulimi ukaota utando mweupe. Na akasema nitoe sabuni zile zote nyumbani.

Nilirudi na maneno yake kama mtu aliyebeba mayai. Niliyasema jioni hiyo, mbele ya mume wangu, Kogo na Chepkoech, kwa heshima, nimekaa chini.

Chepkoech alisimama. "Kwa hivyo mimi ndio nimekupatia ugonjwa?"

"Sijasema hivyo, wifi. Daktari amesema nisitumie."

"Wanawake wa kikundi chetu wote wanatumia. Kanisa linatumia. Ni wewe tu. Unataka kuniharibia jina."

"Hata mimi ninaitumia," Kogo akasema. "Kifua changu ni kizima."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakwangua tope kwenye gamubuti lake kwa kijiti. Alikwangua muda mrefu. Kisha akasema, "Mama Chebet, usianze vita na dada yangu."

Nilitamani kumpiga kwa lile gamubuti. Badala yake nilikwenda kulala, kwa sababu hasira nayo ilikuwa inabana kifua.

Sasa nilihitaji kitu cha kuoshea. Nilikwenda dukani Kericho, duka kubwa lenye vitoroli, nikasimama mbele ya rafu ya sabuni na shali imefunika pua. Nikaona chupa nzuri, ina picha ya jani, imeandikwa kwamba ni ya asili na haidhuru mazingira. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Niliinunua nikijua Kogo akiona risiti atazirai. Nikafika nyumbani, nikaifungua kwenye sinki, nikamimina kidogo. Ilinukia msitu mzima wa Londiani baada ya mvua. Dakika tano baadaye nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikivuta inhela ya bluu.

Nawaambia wazi, jani kwenye chupa ni picha. Mtu yeyote mwenye rangi anaweza kuchora jani. Nilisoma nyuma ya chupa ile baadaye, herufi ndogo kama sisimizi, na hapakuwa na orodha ya vilivyomo, ila neno manukato. Kifua changu hakikujali manukato yale yametoka kwa mti au kwa kiwanda. Nilikasirika nikaipeleka chupa nyuma ya zizi na kuiacha huko, kisha nikaaibika, kwa sababu hata huko ingeishia mtoni. Nikairudisha.

Aliyenisaidia hakuwa na cheti chochote. Agosti nilikuwa kwenye benchi lile la samawati nikingoja kuitwa, na mwanamke wa usafi akaingia na ndoo na mopu. Alipoanza kupiga deki, harufu ikanifikia. Nikaanza kutafuta inhela ndani ya mkoba, nikaumwaga mkoba wote chini. Yule mwanamke aliacha mopu. Alifungua dirisha, akanishika mkono, akanipeleka kwenye kibaraza cha nyuma ambako mashuka huanikwa, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliniokotea inhela.

Nilipopata sauti nikamwomba msamaha kwa kumkatizia kazi.

"Hiyo dawa hata mimi inanikaba," akasema. "Hapa naambiwa nitumie. Kwangu siingizi."

Jina lake Mama Dorcas. Anatoka upande wa kwetu Nyamira, tukahamia Kikisii mara moja. Nilimuuliza kwake anaosha na nini, akacheka. "Na mikono," akasema. Kisha akanieleza, na kila Alhamisi ya kliniki aliniongezea kitu, tukiwa kwenye kibaraza kile, dakika kumi za mapumziko yake.

Haya ndiyo niliyojifunza, nayaandika jinsi nilivyoyafanya. Sabuni ya kipande, ile ndefu ya kukatwa, isiyo na rangi wala manukato, nilikwangua kwa kikwangulio kikuukuu na kuiyeyusha katika maji moto. Hiyo huosha sakafu, vyombo, nguo na kuta. Magadi ya unga, yale ya kupikia, nilinyunyiza kwenye sinki na kusugua kwa kitambaa chenye maji. Birika lililoganda ukoko mweupe nililichemshia maji na limau. Siki nyeupe nilitia maji nusu kwa nusu kwa ajili ya vioo, na Mama Dorcas alinionya kwamba siki nayo isikutane na klorini hata kidogo, kwa hiyo klorini niliiondoa kabisa. Masufuria yaliyoungua nilisugua kwa jivu. Mwanzoni jivu lilinirushia vumbi nikakohoa siku nzima, kisha nikajua kulilowesha kwanza. Choo kilitaka maji moto, sabuni na brashi ngumu kila asubuhi, si dawa kali mara moja kwa wiki. Lile doa la manjano lilikuwa ukoko wa maji. Nililibandika kitambaa kilicholoweshwa siki, nikaliacha hadi mchana, likatoka. Nilikaa kwenye ukingo wa beseni nikalitazama pale lilipokuwa. Doa lile ndilo lililonitoa mapafu.

Vyote hivyo kwa pamoja havikufika bei ya ile chupa ya jani. Ila vinataka mkono. Anayewaambia kuna njia rahisi anauza kitu.

Septemba nilianza kupunguza vidonge, uso ukarudi polepole, shingo ikaonekana. Oktoba sikutumia inhela ya bluu hata mara tatu. Nyumba ilikuwa safi. Ukipitisha kidole juu ya kabati hakirudi na kitu. Lakini Kogo aliingia, akasimama katikati ya sebule, akavuta hewa kwa pua.

"Siku hizi huoshi?"

"Nimeosha asubuhi, Mama."

"Sisikii kitu."

Aliwaambia wanawake wa kikundi kwamba ugonjwa umenifanya mvivu. Chepkoech aliongeza kwamba mimi ndiye niliyemkosesha wateja wawili. Hilo la pili lilikuwa kweli. Wanawake wawili waliniuliza, nikawaambia.

Sasa nifike Desemba, ambapo kalamu yangu inakuwa nzito. Chebet alikuwa anaposwa. Sisi huku tuna koito, siku ambayo familia mbili hukaa pamoja, wanapatana na kula. Ilikuwa ifanyike nyumbani kwetu Jumamosi. Niliosha nyumba Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nikaenda kupeleka chai kituoni kwa sababu majani hayajui kwamba mtoto anaposwa. Nilirudi saa sita.

Nilisikia harufu nikiwa bado getini. Nilifikiri inatoka kwa Chepkoech, ng'ambo ya barabara. Nikafungua mlango wa nyumba yangu, na sakafu yote ilikuwa na maji ya waridi. Chepkoech alikuwa ukumbini na mopu. Kogo alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu juu. Madirisha yamefungwa.

"Tumekusaidia," Kogo akasema. "Wageni watasema nini?"

Nilijaribu kurudi nyuma na kuteleza. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka vigae vikiwa baridi shavuni, na sauti ya Chepkoech ikisema, "Amka basi, amka," kama mtu anayemharakisha mtoto. Inhela ya bluu haikufanya kitu. Jirani mwenye pikapu ndiye aliyenipeleka.

Nililala hospitalini siku nne, mbili za kwanza nikiwa na hewa ya mtungi. Jumamosi, wageni wakiwa nyumbani kwangu wakinywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na kumsifu binti yangu, mimi nilikuwa nimevalishwa kinyago cha plastiki nikihesabu matone ya dripu. Chebet alitaka waahirishe. Aliambiwa watu wameshatoka kwao, ng'ombe na ukoo haviahirishwi. Alinipigia simu kutoka nyuma ya nyumba, amevaa nguo nilizomshonea, na sikuweza kumjibu kwa kinyago. Alisema tu, "Mama, niko hapa," tukasikilizana tukipumua.

Sitasamehe hilo. Watu huniambia nitasamehe. Nawajibu wakae na kinyago wakati mtoto wao anaposwa, halafu tuongee.

Baba Chebet alikuja Jumapili. Aliingia wodini, na kabla hajafika kitandani nikaanza kukohoa. Harufu ilikuwa kwenye koti lake. Muuguzi alimwona, akamtoa nje, akamwambia avue koti aliache huko. Alirudi na shati tu, mikono imemsimama vinyweleo kwa baridi, akasimama mbali.

"Mimi ndio niliwapatia ufunguo," akasema.

Nilimtazama.

"Waliniambia ni kwa ajili ya wageni. Nikajua hutapenda. Nikasema ni siku moja."

Alisimama pale hadi muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, kisha akaenda kuchukua koti lake.

Niliporudi Jumanne, nyumba ilikuwa wazi, milango na madirisha yote, na mvua ndogo ikiingia hadi kwenye kochi. Baba Chebet alikuwa amepiga magoti chooni. Alikuwa ameosha nyumba nzima mara tatu kwa maji moto na sabuni ya kipande, mapazia ameyafua, mazulia ameyatoa kwenye ua. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana. Mitungi yote alikuwa ameipeleka kwa dada yake na kuipanga mbele ya mlango wake. Sikumwambia asante siku hiyo. Nilimwambia pembe ya nyuma ya choo hajaifikia. Akaifikia.

Chepkoech hakuja Krismasi, hakuja Januari. Alikuja Februari, jua limekausha chai ikawa kama ufagio. Alisimama nje ya geti.

"Mama Chebet, nina neno."

"Sema ukiwa hapo."

"Wanawake wa kikundi wameacha kununua. Ukiwaambia haikuwa sabuni, kwamba ni pumu yako ya zamani, watarudi."

"Sina pumu ya zamani."

"Kuwaambia tu."

"Ile Ijumaa," nikamuuliza, "ulijua itaniumiza?"

Alishika vyuma vya geti. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka, ngozi imetoka vipande kati ya vidole. Nilipoviona sikufurahi, na pia sikuhuzunika.

"Nilijua inakusumbua," akasema. "Lakini nilifikiri unajifanya. Mama pia."

"Njoo umwambie Mama hivyo hivyo."

Nilidhani ataondoka. Alisukuma geti, tukaenda pamoja hadi jikoni kwa Kogo. Kogo alikuwa anapukuchua mahindi. Chepkoech aliyasema maneno yale mbele ya mama yake, kwa Kipsigis, taratibu, na nilielewa kila neno. Alisema pia kwamba mikono yake imeharibika tangu Agosti na hawezi kukamua ng'ombe bila kulia.

Kogo alipukuchua gunzi lile hadi mwisho. Akachukua lingine. Hakuniomba msamaha, na sikumngojea.

"Sasa mimi choo changu nitaosha na nini?" akauliza.

"Maji moto, sabuni ya kipande na brashi ngumu, Mama. Kila asubuhi."

"Na magoti yangu haya?"

Nilimwambia brashi zinauzwa zenye mpini mrefu. Kisha nikarudi nyumbani kwangu. Sikumwoshea.